Rada ya manowari ingeuona mtumbwi Ziwa Nyasa?

SWALI: Rada ya SMART-L kwenye manowari za Uholanzi huona ndege hadi kilomita 400. Ingefungwa kwenye meli hapa ziwani, ingeuona mtumbwi ulio kilomita 60? – Msomaji, Kyela

JIBU: Hapana, ndugu msomaji. Kinachozuia ni mviringo wa dunia, si uchache wa nguvu. Tafuta kipeuo cha pili cha kimo cha antena kwa mita, jumlisha na kipeuo cha pili cha kimo cha kinachotafutwa, kisha zidisha kwa 4.12, jibu ni kilomita. Antena ikiwa mita 25 na ndege mita 10,000, ni 4.12 × (5 + 100), yaani karibu kilomita 433. Mtumbwi wenye kimo cha mita 1 unaishia kilomita 25 hivi, tena ziwa likichafuka, mwangwi wake (mawimbi ya redio yanayodunda na kuirudia rada) humezwa na ule wa mawimbi ya maji.

Kwenu kuna tatizo kubwa zaidi: Milima ya Livingstone. Mwangwi wake ni mzito kuliko wa ndege. Kompyuta ya rada huondoa kwanza mwendo wa meli yenyewe, halafu hufuta kila mwangwi ambao masafa ya mawimbi yake (frikwensi) hayajabadilika, kwani hubadilika tu kitu kinapoikaribia rada au kujitenga nayo. Ndege inayokatiza ubavuni, isiyokaribia wala kujitenga, hufutwa pamoja na mlima.