Wanagenzi wa sabufa, chanya ya pili iende graundi

Sabufa inaletwa mezani inaunguruma, inarudi kwa mwenyewe inanuka moshi. Wanangu mafundi wa Darajani na Mwanakwerekwe, huku Unguja, tumechoka kuwafukizia udi wateja.

La kwanza, muungurumo. Kabla hujashika bisibisi, chomoa waya wa kuingizia sauti. Muungurumo ukinyamaza, tatizo liko kwenye waya au simu iliyo kwenye chaji. Ukibaki, ndipo uziendee kapasita mbili kubwa za pawa, yale makopo yanayohifadhi chaji. Zilikuwa mikrofaradi 2200? Tia 3300 au 4700, basi. Wapo wanaotia 10,000 ati bezi itoke. Kila ukiwasha, kapasita tupu zile zinavuta umeme kama mtu aliyefunga anavyovuta uji magharibi, na daiodi, zinazogeuza umeme uwe wa mkondo mmoja (disii), ndizo zinazolipa.

La pili, volti. Transfoma imeandikwa 12-0-12, mnatia kapasita ya volti 16. Zidisha 12 kwa 1.41 upate kilele chake: unakaribia 17, na umeme wa ukutani ukipanda inazidi. Tia ya volti 25, inayostahimili joto la nyuzi 105.

La tatu, na hapa wazee nao wasijitie usafi, sote tumeripua. Pawa hii ina njia mbili, chanya na hasi, na graundi katikati. Kapasita ya njia ya chanya, mstari wake mweupe, ulio upande wa hasi, unakwenda graundi. Mkono umeshazoea, unaichomelea ya pili vivyo hivyo. Kumbe ya njia ya hasi ni kinyume: mstari uende kwenye hasi, chanya yake ndiyo ikae graundi. Ukikosea, muziki unaweza kulia vizuri kwanza. Mwenye mali anatikisa kichwa, unaanza kuhesabu pesa. Huku kopo linapata moto, msalaba wa juu unavimba, linatoa fuu! na mvuke mkali. Njia ya hasi ikianguka, aisii, kile kidude cha kukuza sauti, inaweza kumwaga disii kwenye spika: koni inasukumwa upande mmoja, inaganda hapo, koili inaungua. Kapasita ya shilingi chache imeondoka na spika nzima. Basi pima kwa mita, usiamini alama za bodi.

Unapowasha mara ya kwanza baada ya kutengeneza, unga taa ya wati 60, ile ya zamani ya waya, kwa mfululizo kwenye njia ya umeme wa ukutani. Ikiendelea kuwaka kwa nguvu, zima. Kumwaga chaji iliyobaki kwenye kapasita ni kwa rizista ya omu 100, wati 5, si kwa bisibisi. Kutu ya kijani ya hewa ya chumvi isugue kwa spiriti na mswaki kabla ya kutia risasi ya kuchomelea. Disii ya spika isizidi milivolti 50. Mgongo wa aisii ya TDA2030 umeungana na hasi, usiufunge kwenye bati la kasha bila maika, kile kipande cha kuzuia umeme.

Na twita, spika ndogo ya sauti nyembamba, ya omu 8 yenye kapasita ya mikrofaradi 4.7 muiache na 4.7 yake. Mkitia 10, mpaka wa sauti zinazoingia unashuka kutoka karibu hezi 4200 hadi 2000, na koili nyembamba ile haiwezi mzigo huo.