Kwa nini watafiti wa sola washirikiane?

SWALI: Hivi kwa nini watafiti wa sola wa nchi tofauti wanahangaika kushirikiana, si kila mtu afanye yake tu?

JIBU: Swali zuri sana ndugu. Paneli inapimwa maabara kwa nyuzi 25, lakini huko juani inachemka hadi 60 na umeme unapungua, kwingine kuna vumbi, kwingine chumvi ya bahari, sasa nchi moja itayajuaje yote hayo peke yake? Ndo maana tangu 1993 Shirika la Kimataifa la Nishati lina programu ya PVPS, yaani ya mifumo ya umeme wa jua, nchi zinabadilishana data. Halafu cheki seli za perovskaiti, aina mpya ya seli za sola, zilianza Japani 2009 zikigeuza asilimia 3.8 tu ya nishati ya mwanga kuwa umeme, wakaingia Uingereza, Uswisi, Korea Kusini, leo maabara zimevuka 25! Inanipa moyo kweli, ila bado hazidumu kama silikoni ya paneli za kawaida, na hapo ndo kazi ipo.