Kompyuta inazima kwenye gemu baada ya kufunga kadi ya grafiki: weka bloa pembeni

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Nina Dell OptiPlex 9020 ile ya mnara, Core i5, niliinunua used. Juzi nimepata kadi ya RX 580 ya GB 8, nayo used, fundi akanifungia. Pawa saplai, kile kiboksi kinachogawa umeme, haikuwa na plagi ya pini nane, kwa hiyo akaunga adapta inayochukua umeme kwenye plagi mbili za SATA, zile za diski. Kompyuta inawaka, Windows inaingia, video naangalia bila shida. Nikifungua gemu tu, dakika mbili tatu inazima yote pap, halafu inajiwasha yenyewe. Draiva nimefuta na kuweka upya mpaka nimechoka. Fundi anasema solda ya kadi imepasuka, nimpe elfu sitini aipige bloa, yaani aipulizie hewa ya moto. Nimkubalie? (Msomaji, Mbeya)

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usimpe. Tena kabla hujaendelea kusoma, zima kompyuta, chomoa waya ukutani, toa hiyo adapta. Kadi nayo itoe, rudisha waya wa monita kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), uendelee na shughuli zako kama zamani wakati tunazungumza.

Habari za kuikandamiza kadi mpaka klipu ibane sitakusimulia. Picha unaipata na Windows inaingia, hayo umeshayavuka. Draiva nazo ziache zipumzike. Draiva ikikwama, skrini inakuwa nyeusi kidogo kisha picha inarudi, na Windows inaandika kwamba draiva ya skrini iliacha kujibu; au inakuletea skrini ya bluu. Muda wote huo feni zinazunguka, na mara nyingine sauti ya gemu unaendelea kuisikia. Yako inazima yote, feni na taa, ndipo inajiwasha. Hiyo ni tabia ya pawa saplai iliyoelemewa ikajikata isiungue. Ukifungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, utakuta Kernel-Power namba 41, na nina hakika kuna mtu atakuambia namba hiyo maana yake pawa saplai mbovu. Namba hiyo inasema tu kwamba kompyuta ilizimika bila kuagwa. Hata ungechomoa waya ukutani ungeikuta.

Na solda je? Solda iliyoachia chini ya chipu ina dalili zake: vijiboksi vya rangi, mistari inayokata skrini, tena mara nyingi tangu kwenye nembo ya Dell, Windows haijafika. Au picha haiji kabisa. Haina desturi ya kukuacha uangalie video jioni nzima, halafu izime kompyuta nzima ukigusa gemu.

Hesabu ya mashine yako iko hivi. RX 580 imeandikwa na AMD wenyewe kuwa ya wati 185, na wakashauri pawa saplai ya wati 500. Pawa saplai ya 9020 ya mnara ni ya wati 290. Prosesa za i5 za mashine hiyo, nyingi zimeandikwa wati 84. Jumlisha hizo mbili tu, kadi na prosesa, ni wati 269, na hujagusa diski, RAM, feni wala mazabodi. Kisha kadi haivuti umeme kwa kunyooka. Kwa nukta ya sekunde inaweza kurukia juu ya wati ilizoandikiwa, na hiyo nukta inatosha kuikata pawa saplai. Kwenye video inakula kidogo sana, ndiyo maana unaona kila kitu ni shwari.

Dell hawana kosa hapa. Waliipima mashine ya ofisi kwa kazi za ofisi.

Kinachonichosha ni hiyo adapta. Naletewa mashine za namna hii kila mara, na maneno ni yale yale: "Lakini pini zimeingia." Pini kuingia hakumaanishi umeme upo. Adapta inabadilisha umbo la plagi, basi. Kubadilisha sahani hakuongezi wali.

Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja imeruhusiwa ampea 1.5. Hizo ni ampea 4.5, zidisha kwa 12 unapata wati 54. Plagi mbili, wati 108. Plagi ya pini nane ya kadi ya grafiki imepangiwa wati 150. Tena ndani ya zile pini nane kuna mbili ambazo kazi yake ni kuiambia kadi kwamba plagi kamili imechomekwa. Adapta inaziunga pini hizo na waya wa hasi, kadi inaamini, inadai haki yake. Imedanganywa nayo haijui.

Kuna baya zaidi. Fungua kesi, shika zile waya za diski, uzifuate kwa kidole mpaka mwanzo wake. Kwenye nyingi ya kompyuta hizi za ofisi za miaka hiyo, za Dell na za HP, utakuta hazitoki kwenye pawa saplai. Zinatoka kwenye plagi ndogo ya mazabodi yenyewe, iliyowekwa kulisha diski moja au mbili na DVD. Kwa hiyo umeme wa kadi ulikuwa unapita kwenye njia nyembamba za shaba ndani ya mazabodi. Itazame ile plagi ya SATA iliyokuwa kwenye adapta, uilinganishe na isiyotumika. Ikiwa plastiki imeanza kuwa na rangi ya chai, au pini moja imezama kwa ndani, au inanuka kama waya wa pasi ulioungua, shukuru kwamba pawa saplai ilikuwa inajikata. Ingevumilia, ungeandika barua nyingine kabisa.

Turudi kwa bloa, maana hapa ndipo watu wanapoliwa. Solda isiyo na risasi inayotumika kwenye kadi hizi inayeyuka karibu na nyuzi 217 za Selsiasi. Kuitoa chipu na kuirudisha ipasavyo kunataka mashine inayopasha bodi kutoka chini na juu kwa mpangilio, vitone vipya vya solda na mkono unaojua. Bloa ya mezani ya kutengenezea simu, inayopuliza kutoka juu huku fundi anakisia kwa macho, inaipasha chipu moto, inatanuka, na mguso uliokuwa umeachia unaweza kugusana tena kwa muda. Kadi inawaka, unalipa, unaondoka. Baada ya wiki chache inakufa, na utaambiwa kadi yenyewe ilikuwa imechoka. Kwako ingekuwa mbaya zaidi, kwa sababu inaelekea kadi ni nzima: ungelipa elfu sitini ili vikapasita vidondoke na chipu za kumbukumbu ziungue. Wanaoweka kadi kwenye oveni ya jikoni sitawazungumzia, ila chakula kisirudi humo.

Kipimo kinachotosha hakina gharama. Mtafute mwenye kompyuta yenye pawa saplai ya kweli ya wati 500 au zaidi, yenye plagi ya pini nane inayotoka kwenye pawa saplai yenyewe. Chomeka kadi, cheza gemu lile lile saa moja. Ikitulia, kesi imekwisha. Ukiwa hapo fungua GPU-Z, programu inayosoma habari za kadi, uangalie idadi ya vitengo vya kuchakata. RX 580 kamili ina 2304. Ukiona 2048 hiyo ni aina iliyopunguzwa, utendaji wake uko karibu na RX 570, na aliyekuuzia alipaswa kusema. Kadi hizi za GB 8 zilipendwa sana na wachimbaji wa Ethereum, sarafu ya kidijitali, mpaka uchimbaji ule ulipokoma Septemba 2022, kisha zikamwagika sokoni, baadhi zikiwa na BIOS, programu ya ndani ya kadi, iliyochezewa. Draiva ikikataa kuitambua kadi, shaka yako ianzie hapo.

Ikiwa kadi ni nzima, una njia mbili. Ya kwanza, uiuze na uchukue inayoishi kwa umeme wa sloti (tundu la mazabodi inamochomekwa) peke yake, ambao kikomo chake ni wati 75: GTX 1050 Ti au GTX 1650. Angalia ukingo wa kadi usiwe na tundu la pini sita, kwa sababu baadhi ya 1650 wanaziwekea. Na 1050 Ti usinunue bila GPU-Z, kuna kadi za kizamani zilizobandikwa jina hilo, programu hiyo hugundua nyingi na kuandika kwamba ni bandia.

Njia ya pili ni pawa saplai mpya. Mazabodi ya 9020 haitumii plagi ya kawaida ya pini 24, ina yake ya pini nane, kwa hiyo utahitaji adapta, na safari hii siigombi: inapanga upya waya nene zilizotengenezwa kubeba mzigo huo. Pima na nafasi ndani ya kesi kabla ya kulipa.

Ila ukifika dukani usiangalie ile 600W kubwa ya rangi ubavuni mwa boksi. Hiyo ndiyo adapta ya pili wanayouziwa watu. Geuza pawa saplai, soma jedwali, tafuta safu ya +12V, uchukue ampea zake uzidishe kwa 12. Kadi na prosesa vinakula hapo, wala si kwenye volti 5. Ukikuta ampea 18, hizo ni wati 216, hata boksi likiandika elfu moja. Ukikuta kile kiswichi chekundu cha 115 na 230 mgongoni, mara nyingi ni muundo wa zamani. Iache, na usikiguse, kwa umeme wetu ukikipeleka 115 utasikia mlio. Muuzaji akikupa isiyo na jedwali, au akikuambia ampea hazina maana, ondoka kwenye duka hilo.

Fundi wako akikuuliza kwa nini umebadili mawazo, mwonyeshe hesabu ya wati 54. Ukishaijaribu kadi kwa rafiki, niandikie GPU-Z imesoma ngapi, na ile plagi ya SATA umeikuta na rangi gani.