Mabaki ya mbao za kuezekea kwenye jiko la kuni

Ndugu, umeuliza kama vipande vya mbao vilivyobaki baada ya kuezeka vinafaa kupikia. Vipande vikavu vya msonobari, visivyo na rangi wala dawa, havina shida, ila huwaka upesi, kwa hiyo tia vichache. Vyenye ukijani wa dawa ya mchwa usivichome kabisa, hata nje: mara nyingi dawa hiyo ina shaba, kromu na aseniki, na aseniki, ambayo ni sumu, haiteketei, bali hutoka na moshi na kubaki kwenye majivu, ambayo wengi wetu (nami nikiwemo zamani) huyamwaga kwenye bustani ya mchicha. Plaiwudi pia iache, kwa sababu ya gundi. Na kwa kuwa ukijani hufifia juani, kipande usichokijua asili yake kihesabu kuwa kimetiwa dawa.