Kerisi ya mkweo usiipige msasa

Mwanangu,

Umeniuliza kama ile kerisi, jambia la Wajava, uliyopewa na mkweo huko Yogyakarta, kisiwani Java, iliyoshika kutu, unaweza kuipiga msasa kabla ya kuoshwa mwezi wa Suro. Thubutu! Ile michirizi myeupe si uchafu. Ndiyo pamori: madini yenye nikeli ambayo empu, yaani mfua kerisi, aliyakunja na kuyafua pamoja na chuma. Msasa utaimaliza.

Suro ndio Mfungo Nne wetu, na ndipo Wajava huosha silaha za urithi. Shika mpini, uivute ala. Usichomoe bapa kwa pupa. Kisha zungusha mpini polepole mpaka utoke. Usiugonge, kwani kile kipande cha kitakoni mwa bapa kimepachikwa tu, hakikuungwa. (Kinaitwa ganja. Usicheke.)

Laza bapa katika maji ya nazi jioni hadi asubuhi, ndani ya chombo cha mti au plastiki. Kutu ikilainika, sugua kwa ndimu na brashi laini mpaka chuma kiwe cheupe, suuza, kausha kabisa. Hapa ndipo wengi huharibu: yakibaki mafuta au kutu kwenye mikunjo, rangi itashika mabaka.

Rangi yenyewe ni warangani, arseniki iliyolowekwa katika maji ya ndimu. Chuma huwa cheusi, nikeli hubaki nyeupe, na mchoro hujitokeza. Ni sumu, mwanangu. Hatua hiyo mwachie fundi. Wala si lazima kila mwaka, maana kila kuoshwa kwa ndimu hula chuma, na kerisi nyingi za zamani zimekonda hivyo. Weusi ukiwa bado umekolea, futa vumbi, paka mafuta mepesi yaliyotiwa msandali au asumini, basi. Yapake kidogo tu. Yakizidi hunata na kuozesha ala.

Maua utakayoyaona kwenye beseni, waridi, asumini na langilangi, ni ya heshima, hayaondoi kutu. Mkweo akikukabidhi kerisi, ipokee kwa mikono miwili, uinue hadi kwenye paji la uso. Na siku ya kuivaa, ichomeke mgongoni upande wa kulia, si mbele ya tumbo kama jambia la Waomani.

Baba yako