Gogo halitoki, mbao zinatoka: majibu kwa wasomaji

Nina mininga shambani. Mnunuzi anataka magogo mazima ayapeleke nje. Nimuuzie? (Tunduru)

Kwa safari hiyo, usimuuzie ndugu yangu. Tanzania ilizuia magogo kwenda nje tangu 2004. Mbao zilizopasuliwa zinaruhusiwa, lakini anzia ofisi ya wilaya ya TFS, wakala wa serikali wa misitu, upate kibali cha kuvuna, kisha mzigo ugongwe alama ya nyundo ya serikali na upewe hati ya kusafirishia. Tena mninga sasa umo katika orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kwa hiyo hata mbao zake zina kibali chake cha kuvuka mpaka. Mnunuzi anayekwambia "hayo niachie mimi" muogope.

Mti ni uleule. Kwa nini gogo likatazwe, mbao ziruhusiwe? (Fundi, Keko)

Fundi, tazama gogo la mkongo likishapanda kwenye msumeno. Mpasuaji anapata ujira, mabanzi yanachukuliwa na mama ntilie kwa kuni, mbao zinakuja kwako, na maranda yako anayafuata mfuga kuku kwa gunia. Likipakiwa zima, riziki zote hizo zinapanda meli pamoja nalo.

Gabon walikuwa wakiuza kwa wingi magogo ya okoumé, mti wa misitu yao, wakafunga mlango 2010. Miaka ya mwanzo iliwauma, maana viwanda vya kupasua vilikuwa vichache na watu walipoteza kazi. Leo Nkok, karibu na Libreville, kuna viwanda vinavyolichana gogo hilohilo kuwa karatasi za plaiwudi. Mimi naunga mkono katazo, ila serikali inayokataza bila kusaidia mashine zipatikane inamwonea mvunaji.

Mbona magogo bado yanapita? (Lindi)

Kwa sababu katazo linalindwa na watu. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa Rufiji mwaka 2003, misitu ya kusini ilivamiwa. Ripoti ya 2007 ya TRAFFIC, shirika linalofuatilia biashara ya wanyama na mimea ya porini, ilionyesha China ilipokea mazao ya misitu kutoka Tanzania mara kumi ya yale yaliyoandikwa kwetu kuwa yametoka. Yaani katika kila kumi, tisa hayakuonekana kwenye vitabu vyetu! Hayo hayakupita kwa uchawi. Yalipita geti kwa geti, na kila geti lilikuwa na mtu.

Babu yangu alipakia boriti Lamu kwenda Arabuni. Biashara ile iliishaje? (Mombasa)

Kenya ilipiga marufuku kusafirisha boriti za mikoko nje mwaka 1982.

Kijiji chetu kitafaidika vipi? (Kilwa)

Tengeni msitu wa hifadhi wa kijiji kisheria, wenye mpango wa uvunaji. Hapo malipo ya mti yanaingia kwenye mfuko wa kijiji. Wilayani kwenu huko, mwaka 2009, misitu ya vijiji ilipata cheti cha FSC, cha kimataifa cha misitu inayotunzwa vizuri, ya kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanakijiji, na mpingo wake ndio wa kutengenezea zumari za Ulaya. Nendeni Kikole, kimojawapo cha vijiji hivyo, mkawaulize wenzenu walivyoanza, na mchukue daftari.