Ngoma inakula MB, hotuba haili: maswali yenu kuhusu video za tovuti

SWALI: Ndugu wahariri, natunza tovuti ya kikundi chetu cha ngoma. Nimerekodi sindimba ya dakika 4 kwa simu, 1080p, fremu 60 kwa sekunde, faili likaja MB 600. Nimelibana kwa HandBrake (programu ya kubana video) mpaka MB 30, lakini miguu ya wachezaji na vumbi vimekuwa vijiboksi vitupu. Hotuba ya mwenyekiti, dakika 4 zilezile, ina MB 30 na iko safi. Nakosea wapi? (Msomaji, Mikindani)

JIBU: Piga hesabu kwanza. MB 30 ni megabiti 240 (baiti moja ni biti 8). Zigawe kwa sekunde 240, unapata megabiti 1 kwa sekunde, na hapo sauti bado haijachukua chake. Mwenyekiti inamtosha: ukuta nyuma yake hautikisiki, na kodeki (mfumo wa kubana video) huhifadhi zaidi kile kinachobadilika kutoka fremu moja hadi nyingine. Kwenye sindimba hakuna kinachotulia, viuno, njuga, majani ya minazi. Vumbi ndilo baya kuliko yote, maana mwendo wa chembe zake hautabiriki. Chenga za video ya usiku ni hivyohivyo: programu inazitunza kana kwamba ni picha ya maana.

Kwa hiyo usianze na ukubwa wa faili, anza na ubora. Chagua kodeki ya H.264, kisha "Constant Quality" (ubora usiobadilika), RF 23; RF ni namba ya kupimia ubora. RF ikipanda ubora unashuka (wengi huisoma kinyume), na kila ukiongeza 6 faili hupungua kwa takriban nusu. Shusha picha iwe 720p, yaani mistari 720 badala ya 1080. Pikseli zinabaki chini ya nusu ya zile za 1080p. Fremu zifanye 30. Viuno vitapoteza ulaini kidogo, ila mtazamaji wa simu atasamehe hilo kuliko vijiboksi. Kasi ya kubana weka "Slow": kompyuta itachelewa, lakini utapata ubora uleule kwa MB chache. Sauti ibanwe kwa AAC, kilobiti 128 kwa sekunde. Kwa hotuba unaweza kushuka hadi 64, kwa ngoma usithubutu. Njuga zitaanza kusikika kama mafuta yanayokaanga.

Usibane dakika zote 4 kwa majaribio. Kata sekunde 20 ngumu kuliko zote, pale wachezaji wote wameingia uwanjani na vumbi limepanda. Zibane kwa RF 22, 24 na 26, halafu uzitazame kwenye simu, si kwenye kompyuta. Chukua RF ya juu kabisa ambayo macho bado hayalalamiki. Ukubwa wa kipande hicho uzidishe kwa 12. Kwa kawaida video nzima haitazidi hapo, kwa kuwa sehemu nyingine ni nyepesi.

Ikizidi MB 60, yaani megabiti 2 kwa sekunde, sisi tungekata video yenyewe. Dakika moja na nusu iliyo safi ni bora kuliko nne zinazogandaganda. Kwenye msimbo wa ukurasa, katika tagi ya video, weka preload="none" (usipakie mapema) pamoja na picha ya mbele (poster), bando la mgeni lisiliwe kabla hajabonyeza.

SWALI: Video yetu ni MB 25 tu, mtandao ni mzuri, lakini haianzi mpaka ishuke yote. (Msomaji, Lindi mjini)

JIBU: Faili la MP4 lina faharasa inayoonyesha kila fremu iko wapi, na programu nyingi huiandika mwishoni. Seva isipoweza kutoa faili kipande kipande, kivinjari hulazimika kuisubiri. Ukibana kwa HandBrake, weka tiki kwenye "Web Optimized". Kwa video iliyokwisha kubanwa, programu ya ffmpeg, inayoendeshwa kwa kuandika amri, inahamishia faharasa hiyo mbele:

ffmpeg -i video.mp4 -c copy -movflags +faststart mpya.mp4

Hapa hakuna kubana upya, ubora haushuki, na kazi ni ya sekunde chache.

SWALI: Mpiga video alinitumia ya harusi kwa WhatsApp. Nikiibana kwa ajili ya tovuti inafifia kabisa. (Msomaji, Nachingwea)

JIBU: WhatsApp ilishaibana kabla yako, na kilichotupwa hakirudi hata ukitumia RF 16, faili litanenepa tu. Mwombe aitume upya kama dokumenti, au akupe kwenye flashi. Ikija katika H.265 (kodeki mpya kuliko H.264), kama simu nyingi mpya zinavyorekodi, igeuze iwe H.264, kwani vivinjari vingine bado vinakataa H.265.